Wavu Juu ya Nyasi

Aliyenifukuza nyumbani ni mke wangu. Siandiki kwa aibu, ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilikuwa imefunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaane, mitumbwi yote imepandishwa nchi kavu, na mimi niliyezoea kuamka alfajiri kwenda mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, kupokea dagaa niliendelea kuamka alfajiri ileile bila pa kwenda. Basi nikaanza kuitengeneza nyumba. Nikahamisha mtungi wa maji, nikabadilisha bawaba za mlango usio na kosa, nikamwelekeza mke wangu namna ya kupanga kuni kwenye jiko ambalo amelipikia maisha yake yote. Akanivumilia siku kadhaa, kisha akaninyooshea mwiko.

"Nenda bustanini ukakae na wazee wenzako," alisema. "Mwanamume akishinda jikoni hata chungu kinamwogopa."

Nikamjibu kwamba mimi si mzee wa kukaa. Akasema basi nikasimame hukohuko.

Bustani aliyoisema ni ile kubwa ya wazi, ya kila mtu, iliyo juu ya ufukwe. Kutoka kwangu Kasingirima naweza kwenda kwa bodaboda, lakini nilikwenda kwa miguu ili muda upungue. Ina nyasi zinazofyekwa, benchi za zege, bembea za watoto, na maua yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ukisimama mwisho wake unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Miaka yote nimepita kando ya bustani hiyo na sikuwahi kuingia. Sikuona mtu anaingia kufanya nini. Kitu kisichovuliwa, kisicholimwa, kisichouzwa, mimi nilikiona ni cha watu waliokosa kazi au waliozidiwa na mishahara.

Niseme mimi ni nani, maana atakayesoma anaweza kudhani ni kiburi cha bure. Nilizaliwa Mwamgongo, huko kaskazini kunakofikika kwa maji. Nilisoma mpaka darasa la pili, nikaondoka shuleni kwa miguu yangu nikaingia kwenye mtumbwi wa mtu kukumba maji kwa kopo. Sikurithi hata kasia. Leo nina mitumbwi yangu, nina nyumba, na watoto wangu wote wamesoma kuliko mwalimu aliyenichapa. Kwa hiyo mtu akiniambia nikae, namsikia kama anayeniambia nirudi nyuma.

Nilikaa kwenye benchi la kwanza. Zege lilikuwa la baridi. Nikahamia la pili, nikaona linatazama barabara, mimi nataka kuona maji. La tatu linatazama maji, lakini maji yalikuwa matupu, hakuna hata mtumbwi mmoja, na ziwa tupu mimi linaniuma macho. Nikainuka nikaizunguka bustani yote, nikaizunguka tena. Watu wa ofisini walikuwa wanafanya mazoezi, wamevaa viatu vya rangi, wanakimbia na hakuna anayewafukuza. Wanafunzi wa chuo wamelala kifudifudi kwenye nyasi na simu zao. Maharusi wanapigwa picha, bwana harusi ameambiwa acheke na yeye hajui kucheka. Nikapita katikati yao wote nikitazama chini, mpaka mama mmoja anayeitunza bustani akanifuata na ufagio mkononi.

Alikuwa mtu wa makamo, kabila lake la huko Njombe, amehamishiwa kwetu na kazi. Baadaye tukawa watu wa kutaniana. Siku ile aliniamkia vizuri, shikamoo mzee wangu, kisha akaniuliza nimepoteza nini ili anisaidie kutafuta. Nikamwambia sijapoteza kitu, nimetembea tu. Akasema wanaotembea pale hutembea na uso wa kupumzika, mimi nimekaza uso kama mtu anayemfuata mdeni wake.

Ukweli nilikuwa nimepoteza kitu, au nilikuwa nakaribia kukipoteza. Nahodha wangu.

Huyu nahodha ni Muha wa Simbo. Tulianza naye nilipopata mtumbwi wangu wa kwanza, na hata nilipofunga mitumbwi miwili pamoja kwa mapau na kuweka wavu katikati, ni yeye aliyeisimamia. Usiku anawasha taa, anasubiri dagaa wapande kwenye mwanga, na anajua ni wakati gani wa kusema vuta. Kuna manahodha wanasema vuta mapema kwa tamaa, wengine wanachelewa kwa usingizi. Wangu hakuwa na tamaa wala usingizi. Mimi nikilala nyumbani kwangu nalala kwa sababu yeye yuko macho. Siku ziwa lilipofungwa akachukua mfuko wake, akapanda bodaboda kwenda Simbo kwa mkewe, akasema tutaonana. Tangu hapo kimya.

Na kwetu tajiri hamuulizi mvuvi kama atarudi. Tajiri ni mwenye mitumbwi, hata kama suruali yake ina viraka. Ukimuuliza umemwonyesha kwamba unaogopa kumkosa, na mvuvi akijua unamwogopa atakuendesha kama punda. Yeye naye hasemi narudi. Kazi ikikaribia, tajiri anatandaza wavu mchana mahali watu wanapopita, anakaa upande mmoja anashona matundu. Anayetaka kwenda naye anakuja bila maneno, anakaa upande wa pili, anauvuta wavu mapajani, anashona. Basi, wamekubaliana. Akishaushika upande wa pili mbele za watu, tajiri mwingine hamgusi. Na yeye mwenyewe akigeuka baada ya hapo, mwalo mzima unamwita kigeugeu, hapati tena hata kazi ya kubeba nanga. Hakuna karatasi inayofunga watu namna hiyo.

Kwa hiyo nisingeweza kumpigia simu. Simu ilikuwa mfukoni, namba yake naijua kwa kichwa, na kila nilipokaa benchi mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Nikawa nainuka kwa ajili hiyo. Mtu anayetembea hapigi simu.

Shemeji yangu ndiye aliyenizidishia wasiwasi. Ni kaka wa mke wangu, wa Ujiji, tajiri kama mimi, na kwa kuwa ni shemeji ana ruhusa ya kunitania mpaka mbele ya maiti. Yeye aliipenda bustani tangu siku ya kwanza. Alikuja na mkeka, akanunua kahawa na kashata, akanyoosha miguu, tumbo juu, kama aliyezaliwa hapo. Alinieleza kwamba amepita Simbo kununua maharage na amemwona nahodha wangu. Akasema amemwona ana jembe. Nikasema kila mtu wa Simbo ana jembe. Akasema hili lilikuwa jipya, na shamba limepanuliwa mpaka kijito, na nahodha amenenepa mashavu.

"Mtu wa majini akinenepa mashavu, shemeji, huyo umeshamzika," alisema. "Au nimtandazie wavu mimi? Pengine wako unanuka ubahili."

Nikamwambia atandaze, tuone kama kuna atakayekaa karibu na mtu anayelala na kahawa kifuani. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika. Mimi nikaenda kuizunguka bustani.

Siku zote zile zilikwenda hivyo. Niliwajua wakimbiaji wote kwa visigino vyao. Nilijua benchi lipi lina ufa na mti upi una mchwa, nikamwambia yule mama wa Njombe, naye akasema sasa nimekuwa mkaguzi. Nilikuwa nafika kabla yake asubuhi na kuondoka adhana ya adhuhuri, halafu narudi alasiri. Nyumbani usiku sikulala. Mke wangu akasema ndiyo mara ya kwanza anamwona mtu anachoka kwa kupumzika. Nilimjibu vibaya, na chakula cha siku ile nilikula peke yangu.

Ziwa lilipokaribia kufunguliwa ilibidi nitandaze wavu. Mwaloni hapakuwa na nafasi. Mitumbwi ya watu wote ilikuwa imevutwa juu, imebanana kama ng'ombe kwenye josho, na palipobaki ni tope. Uwanja wangu wa Kasingirima unatosha kuanika kanga mbili. Wavu wa dagaa ni mkubwa, usipoutandaza wote huwezi kuona panya amekula wapi. Mahali penye nafasi, pakavu, na watu wanapita, nilipajua bustanini tu.

Yule mama alikataa. Alikataa kwa heshima lakini alikataa, akanionyesha kibao: hairuhusiwi kukanyaga nyasi, kuanika nguo, kufanya biashara. Nikamuuliza wavu ni nguo? Akasema hapana. Nikamuuliza kushona ni biashara? Akasema inategemea. Nikamuuliza wanafunzi waliolala hapo wamelalia nini kama si nyasi. Akacheka, akasema hapo nimemshika, lakini wavu utanuka samaki na maharusi watakimbia. Nikamwambia wavu haujaona samaki miezi mitatu, unanuka panya. Tukakubaliana nitandaze ule upande wa mwisho, karibu na maji, asubuhi mpaka adhuhuri, na nisipige misumari ardhini. Tena aliniambia kitu nilichokifikiria baadaye. Alisema amenizoea nikizunguka, akiniona nimekaa chini na kazi mkononi moyo wake nao utatulia.

Nikaubeba wavu kwa bajaji. Nikautandaza, mweusi juu ya nyasi za kijani, na watu wakasimama kutazama kama nimeleta nyoka. Nikakaa upande wa maji, nikauacha upande wa barabara wazi. Sindano yangu ya mbao nikaijaza uzi wa nailoni, nikaanza.

Vijana wangu walikuja mapema. Wa kwanza alikuwa mshika taa, kisha wavutaji, mmoja mmoja, kila mmoja akitoa salamu na kukaa, akivuta kipande chake. Sikuwaambia neno. Nilifurahi, sikatai, lakini kila mmoja alipokaa nilitazama nyuma yake. Walikaa wakiacha nafasi ya katikati, penye tundu kubwa. Hakuna aliyewaambia waiache. Kila mtu alijua hapo ni pa nani. Adhuhuri ikafika, tukaukunja wavu, nafasi ile tupu. Kesho yake vivyo hivyo. Shemeji yangu alikuwa juu ya mkeka wake akitazama, na kwa mara ya kwanza hakunitania, jambo lililoniudhi zaidi kuliko utani wake.

Nahodha alikuja siku iliyofuata, asubuhi jua likiwa bado la upole. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa amenenepa mashavu kweli. Amevaa shati jeupe na viatu vya ngozi, na mkononi mfuko wa maharage, zawadi kwa mke wangu. Alitusalimia kwa Kiha, mwakeye, akiinama na kupiga makofi ya polepole kama wanavyosalimia kwao, akamuuliza kila mtu habari za nyumbani. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi.

Hakukaa chini. Alikaa kwenye benchi la zege, hatua chache kutoka kwenye wavu, viatu vyake vikigusa ukingo wa nyasi.

Nikaendelea kushona. Tukazungumza habari za mvua, za maharage, za mtu wa Simbo aliyefariki, za barabara. Vijana wameinamisha vichwa lakini sindano zao zilikuwa zimesimama. Mimi yangu ilinichoma kidole, kitu ambacho hakijanipata tangu ujana. Nikasema moyoni, subiri, mwache apumue, atashuka. Nikasubiri. Na kusubiri ndiko nisikokuweza. Watu wengine wana maneno yao ya kusubiri, mimi nilikumba maji kwenye mtumbwi, ukisubiri unazama. Nikauweka wavu chini mbele ya vijana wangu, nikafanya lile ambalo tajiri hafanyi.

"Unarudi?" nikamuuliza.

Vijana wote wakainua vichwa. Yeye akatazama viatu vyake.

"Sirudi, Tajiri."

Kisha akaeleza, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Alisema miezi hii amelala usiku. Maisha yake yote hakujua kwamba usiku ni kitu cha kulala, alidhani ni cha kazi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akimjua baba aliyelala mchana, akikaribia anaambiwa nyamaza, baba kalala. Sasa mtoto ndiye anayemwamsha asubuhi wanakwenda shambani. Alisema akirudi majini, yule mtoto atamsahau tena.

Nikamwambia wangu walikua hivyohivyo na wamekuwa watu.

"Ndiyo, Tajiri," alisema. "Na wako wapi?"

Wako Dar es Salaam, mmoja Mwanza. Anajua. Alibeba sanduku la kila mmoja mpaka stesheni. Nilikasirika, na nikikumbuka hata sasa nakasirika, kwa sababu hakusema kwa kunichoma. Alisema kama anayeuliza njia. Miezi ileile iliyompa usingizi yeye, mimi iliniondolea. Ziwa moja, limefungwa kwa wote wawili.

Nikauchukua wavu wangu nikashona. Nilidhani atainuka aende. Badala yake alivua viatu, akaviweka chini ya benchi pamoja na maharage, akakunja mikono ya shati jeupe, akaja mpaka pale katikati penye nafasi. Akaligeuza lile tundu kubwa, akasema hili ni la mwamba wa kule juu ya Mwamgongo, usiku wa mwisho kabla ya kufunga, na aliyeupeleka wavu pale ni yeye. Hawezi kumwachia mtu mwingine. Akaomba sindano. Mshika taa akampa yake. Akauvuta wavu mapajani akaanza kushona.

Sasa mtu asiyejua atasema basi, amesaidia, ubarikiwe. Lakini sisi tulijua. Alikuwa ameshika upande wa pili, mchana, bustanini, watu wanapita. Yeye anajua kuliko mimi. Nikaona vijana wanatazamana. Mmoja akatabasamu, akidhani mzee amemweza. Na mimi, nisidanganye, lilinijia wazo lilelile. Ningenyamaza tu. Ningenyamaza na kushona mpaka adhuhuri, na habari ingekuwa imekwisha. Ziwa likifunguliwa mwalo mzima ungemtazama, asingeweza kubaki Simbo, angerudi na mashavu yake. Neno lake la benchini wamelisikia vijana wangu tu, na vijana wangu wanakula kwangu.

Shemeji yangu akainuka kwenye mkeka. Alikuja polepole, kikombe mkononi, akasimama juu yetu, amefunika jua. Na wapita njia wawili watatu wa mwaloni walikuwa wamesimama naye.

"Haya, shemeji, nimeshindwa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nahodha wako huyo amekaa. Nilikuwa nimeshamtengenezea nafasi kwangu."

Nahodha hakuinua kichwa. Aliendelea kushona. Hakunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakusahau desturi. Aliushika wavu akijua kabisa ameuweka mkono wake wapi, na nani anaweza kuukamata.

Mkimbiaji mmoja alitupita, akaenda, akazunguka maua akarudi.

"Hajarudi," nikasema. "Anashona tundu lake. Akimaliza anakwenda Simbo."

Nilisema kwa sauti ileile ya shemeji yangu, wale waliosimama wasikie. Shemeji akanitazama kama mtu aliyemwona jogoo anataga. Akasema kama ndivyo, basi yeye yuko huru kumchukua. Nikamwambia amchukue akiweza, lakini aende Simbo na jembe lake mwenyewe. Wale watu wakacheka, na yeye akacheka, akarudi kwenye mkeka akitikisa kichwa.

Vijana wakainamia kazi. Yule aliyetabasamu akaacha. Yule mama wa Njombe alikuwa mbali anafagia majani, akanipungia mkono kwa sababu aliniona nimekaa.

Baadaye nahodha aliniuliza, bado ameinama, nitamweka nani. Nikasema sijui, nitatafuta. Akasema mshika taa anaweza, amemwona, ana jicho, ila ni mwoga kukipiga upepo wa kusini. Mshika taa alikuwa amekaa hapohapo, amejifanya kiziwi. Nikasema afadhali mwoga, kwa mwoga huenda kicheko. Nahodha alikuwa amefika kwenye kona ya tundu, pale ambapo macho ya wavu hayalingani na mtu inambidi ayalazimishe yakutane, na pale hata yeye hazungumzi.